Kadi Kati ya Mwananchi na Mbunge Wake

Tarehe 18 Oktoba 1961, zikiwa zimebaki siku 52 tu Tanganyika ipate uhuru, wabunge walikutana Dar es Salaam kujadili nani atakuwa raia wa nchi mpya. Baadhi yao walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Waafrika peke yao. Wahindi, Wazungu na Waarabu wasubiri kwanza. Hoja hiyo ilikuwa na chimbuko lake. Watu walikuwa wametawaliwa na kubaguliwa kwa rangi yao, na waliogopa kwamba wenye mali na elimu wangebaki juu hata baada ya bendera kubadilishwa. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alisimama akakataa. Uraia wa nchi hii, alisema, hautakuwa na msingi mwingine ila utii kwa nchi. Akaongeza kwamba wabunge watapiga kura kwa hiari yao, na wakiukataa msimamo huo, Serikali yake itajiuzulu mara moja.

Tukumbuke alikuwa na nguvu kiasi gani. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, chama chake cha TANU kilikuwa kimechukua viti 70 kati ya 71, na viti 58 kilivipata bila kupingwa. Kiongozi mwenye wingi wa namna hiyo angeweza kutoa amri, wabunge wakainua mikono, kazi ikaisha. Badala yake aliiweka Serikali yake rehani mbele ya wabunge, akawashawishi kwa hoja, akashinda.

Katika mjadala wa siku ile yalikutana maswali matatu ambayo utawala wa kibunge hauwezi kuyakwepa: raia ni nani, mbunge ana uhuru gani wa kuamua kwa dhamira yake, na Serikali inawajibika kwa nani. Zaidi ya miaka sitini baadaye tuna ukumbi mkubwa Dodoma, tuna Spika, Waziri Mkuu, kamati za kudumu na kanuni nene. Lakini mwananchi anayetaka kumfikia mbunge wake, na mbunge anayetaka kuisimamisha Serikali, wote wawili hukuta kitu kimoja mlangoni. Kitu hicho ni kadi ya chama. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba ugonjwa mkubwa wa demokrasia yetu ya kibunge uko hapo, na kwamba dawa zinazopakwa mahali pengine hazitauponya.

Mnyororo wa pete tatu

Utawala wa kibunge ni mnyororo. Mwananchi anamchagua mbunge. Wabunge wanaipa Serikali ridhaa ya kutawala. Na Serikali inayopoteza imani ya walio wengi bungeni inafungasha virago. Uingereza, ambako mfumo huu ulikulia, haina hata kitabu kimoja kinachoitwa Katiba, lakini kanuni hiyo inaheshimiwa kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Usiku wa tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310, na nchi ikaenda kwenye uchaguzi. India ilipitia jambo lile lile tarehe 17 Aprili 1999, pale serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilipopata kura 269 dhidi ya 270. Tofauti ilikuwa kura moja tu katika kila nchi. Hapakuwa na kifaru barabarani, wala redio haikukatiza matangazo kusema kwamba jeshi limeshika nchi. Wakubwa walihesabiwa kura, wakarudi kwa wapiga kura.

Kura moja inaweza kuangusha serikali kwa sababu kila mbunge anaweza kuwa ndiye mwenye kura hiyo. Ukimnyang'anya mbunge uwezekano huo, hesabu za bungeni zinakuwa zimekwisha kupigwa kwingine, na ukumbini kinachofanyika ni kutangaza matokeo. Ndiyo maana Uingereza mbunge anayeachana na chama chake hapotezi kiti. Winston Churchill alihama mwaka 1904 kutoka Conservative kwenda Liberal, akabaki mbunge wa Oldham mpaka uchaguzi uliofuata. Chama kilimkasirikia, lakini kiti hakikuwa mali ya chama.

Pete ya kwanza ya mnyororo huu, ile inayomshika mwananchi, ndiyo inayosahaulika upesi. Zanzibar inatukumbusha. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha ASP kilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa jinsi majimbo yalivyokatwa na kura zilivyorundikana. Serikali ikaundwa na muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Kwa hesabu za viti ilikuwa halali kabisa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 serikali hiyo ikapinduliwa. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi na za kina, za ardhi, za kazi, za historia ya utumwa. Lakini mtu hawezi kuzieleza bila kutaja kwamba wapiga kura wengi walilitazama Bunge lao na hawakujiona ndani yake.

Jinsi mnyororo ulivyofungwa upya

Katiba ya Uhuru ya 1961 ilikuwa ya kibunge hasa: Waziri Mkuu akiwajibika kwa Bunge, na Malkia wa Uingereza akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Ilidumu mwaka mmoja. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962 akaenda kukijenga chama vijijini, Rashidi Kawawa akashika nafasi yake, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Mwezi mmoja kabla, wananchi walikuwa wamempigia kura Rais moja kwa moja, Nyerere akishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC.

Sababu za kubadili zilikuwa na uzito. Ilikuwa vigumu kumweleza mkulima wa Usukumani kwamba nchi yake ni huru lakini mkuu wake anaishi London. Watu walitaka kiongozi wanayemjua kwa sura, mwenye mamlaka kamili. Hata hivyo mabadiliko yale yalihamisha pete ya tatu. Mkuu wa Serikali sasa alikuwa Rais, na Rais hakuwekwa na Bunge wala hakuondoka kwa kura ya kutokuwa na imani. Mawaziri walibaki wakiketi bungeni, maswali yakaendelea kuulizwa, lakini aliyewateua alikuwa amekaa nje ya ukumbi.

Mwaka 1965 ikafuata Katiba ya Muda, nayo ikaruhusu chama kimoja tu kwa kila upande wa Muungano: TANU Bara, ASP Zanzibar. Katiba ya TANU yenyewe iliambatishwa kama nyongeza ya Katiba ya nchi. Tangu hapo, kuwa mbunge na kuwa mwanachama vikawa kitu kimoja. Tusiukatae ukweli kwamba mwananchi aliachiwa nafasi fulani. Katika uchaguzi wa 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na wapiga kura waliwaangusha baadhi ya vigogo, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa waziri wa fedha. Lakini Oktoba 1968 upande wa pili wa sarafu ulionekana. Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama watu kadhaa, miongoni mwao wabunge kama Joseph Kasella-Bantu na Fortunatus Masha, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza ubunge. Wananchi waliowachagua hawakuulizwa.

Katika mfumo wa chama kimoja sharti la kadi lilikuwa na mantiki yake: ikiwa siasa zote za nchi zimo ndani ya chama, basi mlango wa siasa ni chama. Mantiki hiyo ilitakiwa kufa mwaka 1992. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imezunguka nchi nzima, ikakuta kwamba karibu watu wanane kati ya kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikashauri mfumo wa vyama vingi urudi kwa sababu maoni ya walio wachache nayo yanahitaji mahali pa kusemwa. Ikataja pia sheria 40 zilizokuwa zikibana haki. Vyama vingi vikaruhusiwa. Kadi ikabaki mlangoni. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu angeweza kuchagua rangi ya kadi.

Ndani ya ukumbi wa Dodoma

Mtu akikaa kwenye jukwaa la wageni akashuhudia kikao kinavyofunguliwa, ataona mpambe akiingia na siwa mbele ya Spika. Jina hilo ni la pwani. Siwa za Lamu na Pate zilikuwa baragumu kubwa, zilizopulizwa katika sherehe za watawala na familia kubwa za mji. Bunge letu limeliazima jina hilo kwa fimbo inayoonyesha kwamba kikao ni halali na kwamba mamlaka ya wananchi yamo ukumbini. Siwa isipokuwepo mezani, kikao hakipo.

Kisha msikilize mbunge akichangia bajeti ya wizara. Atasema barabara ya jimbo lake imekatika tangu masika ya mwaka juzi, zahanati haina dawa, walimu wawili wanafundisha shule yenye madarasa saba. Sauti itapanda, meza itapigwa. Kengele ya muda ikilia atamalizia: naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Spika atawahoji, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na walioafiki watakuwa wameshinda. Wananchi wengi huona hapo unafiki wa mtu mmoja mmoja. Mimi naona mtambo unaofanya kazi kama ulivyoundwa.

Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha bajeti ya Serikali. Bunge likivunjwa, Rais naye anarudi kwa wapiga kura, kwa hiyo kwenye karatasi mizani inaonekana iko sawa. Lakini mbunge hakutani na wapiga kura kwanza. Anakutana kwanza na vikao vya chama chake, vinavyoamua kama jina lake litarudi au halitarudi. Chini ya ibara ya 67 hawezi kugombea bila kupendekezwa na chama, na chini ya ibara ya 71 akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kiko wazi. Wakati wa kura ya bajeti kuu wabunge huitwa jina mmoja mmoja, na kila mmoja hujibu mbele ya wenzake. Kwa mbunge wa chama kinachotawala, kusema hapana siku hiyo ni kuhatarisha kiti kabla jimbo halijasema lolote.

Mtambo huu umewahi kukataa kutii. Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mwenyekiti alikuwa mbunge wa chama tawala, Spika Samuel Sitta alikuwa wa chama tawala, na aliyekuwa akiguswa alikuwa Waziri Mkuu wa chama hicho hicho. Tarehe 7 Februari Edward Lowassa alijiuzulu, mwenyewe akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza, na baraza zima la mawaziri likavunjika. Watu walikusanyika madukani na vijiweni kutazama Bunge kama wanavyotazama fainali ya mpira. Kwa siku chache nchi iliona jinsi mnyororo unavyokuwa ukiwa umekaza.

Linganisha na Januari 2022. Spika Job Ndugai alikuwa amezungumza hadharani kuhusu ukubwa wa mikopo ya Serikali. Lawama zilimjia kutoka ndani ya chama chake, akaomba radhi, na tarehe 6 Januari akajiuzulu. Barua ya kujiuzulu aliielekeza kwa Katibu Mkuu wa chama. Wanasheria walijadili kama hiyo ndiyo anwani sahihi kwa mtu anayeacha kiti cha Spika wa Jamhuri ya Muungano. Kwangu mimi anwani ile ilieleza mengi kuliko barua yenyewe. Mkuu wa mhimili mmoja wa dola, alipofika mahali pa kuondoka, alitazama upande ambao kweli ulikuwa umemshika.

Mchungaji aliyegonga mlango miaka ishirini

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma. Miongoni mwa aliyoyaomba lilikuwamo jambo rahisi kulieleza: raia asiye na chama aruhusiwe kugombea. Katiba, katika ibara ya 21, inasema kila raia ana haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Katika ibara ya 20 inasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama. Mtikila aliuliza, je, mtu anawezaje kuwa na haki zote mbili ikiwa asipojiunga hawezi kugombea?

Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu tarehe 24 Oktoba 1994. Alikubali kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Kabla hata hukumu haijasomwa, Serikali ilikuwa imekwisha kupeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba, na kabla ya mwaka kuisha Bunge liliupitisha. Haki ya ibara ya 21 ikafungwa kamba kwenye masharti ya ibara nyingine zinazodai uanachama. Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiketi, ikasema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, liachiwe Bunge.

Hapa panastahili kusimama kidogo, kwa sababu hili ni swali ambalo kila demokrasia ya kibunge hulifikia. Je, Bunge lenye theluthi mbili linaweza kubadili chochote? Mahakama ya Juu ya India katika shauri la Kesavananda Bharati, tarehe 24 Aprili 1973, ilijibu kwa majaji saba dhidi ya sita kwamba Bunge linaweza kuirekebisha Katiba lakini haliwezi kuung'oa muundo wake wa msingi. Kenya ilipita karibu na swali hilo katika shauri la BBI, mpango wa kuirekebisha Katiba ya nchi hiyo. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, haikuukubali mfano wa India, lakini ilizuia mpango ule kwa sababu Rais hawezi kujivika joho la mwananchi na kuanzisha mageuzi yaliyowekwa kwa ajili ya wananchi wenyewe. Mahakama yetu ya Rufani ilichukua njia nyingine na kulikabidhi swali kwa Bunge. Ugumu ni huu: Bunge lililokabidhiwa swali la kadi limejaa watu walioingia kwa kadi. Umewaomba waliokalia ufunguo waamue kama mlango ufunguliwe.

Mtikila, pamoja na asasi mbili za kiraia zilizokuwa na shauri kama lake, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, haki ya kutolazimishwa kujiunga, na haki ya usawa, ikaagiza sheria irekebishwe. Haikurekebishwa. Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao nao haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama ile. Mwaka uliofuata ukaja uamuzi mwingine, wa kufunga mlango wa ndani. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Marekebisho ya sheria ya 2020 yakamtaka anayefungua shauri aonyeshe kwanza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.

Sikubaliani na mengi aliyoyasema Mtikila majukwaani. Alisema maneno makali kuhusu watu wa asili nyingine ambayo mjadala wa Oktoba 1961 ulikuwa umeyakataa. Lakini katika jambo hili alikuwa amebeba haki yangu na yako.

Hoja ya upande wa pili

Wanaotetea kadi wana hoja, na zinastahili kusikilizwa. Wanasema bila nidhamu ya chama, Bunge linageuka gulio. India ililiona hilo. Mwaka 1967 mbunge mmoja wa jimbo la Haryana, Gaya Lal, alibadili chama mara tatu ndani ya wiki mbili, na jina lake likawa methali ya Kihindi kuhusu wanasiasa vigeugeu. Mwaka 1985 India ikaweka sheria ya kumvua kiti anayehama. Wanasema pia kwamba mpiga kura humchagua mbunge kwa sababu ya ilani na alama ya chama, kwa hiyo kuhama na kiti ni kumwibia.

Hoja ya pili ina ukweli. Lakini tazama sheria hii inavyotumika na nani hunufaika. Kenya iliitunga mwaka 1966, muda mfupi baada ya Oginga Odinga na wenzake kuondoka chama tawala cha KANU na kujiunga na chama cha KPU. Waliohama wakalazimishwa kurudi kwenye uchaguzi, na wengi hawakurudi bungeni. Ilitungwa kwa ajili ya watu maalumu, katika wiki maalumu. Hapa kwetu, kati ya 2017 na 2019, wabunge kadhaa wa upinzani walijiuzulu, wakatangaza kuhamia chama tawala, wakapitishwa na chama hicho kugombea majimbo yale yale waliyoyaacha, wakarudi bungeni. Kinondoni na Siha zilipiga kura siku moja, tarehe 17 Februari 2018. Sheria ya kuzuia kuhama haikuzuia kuhama. Iliongeza tu gharama ya uchaguzi mdogo.

Wala haishiki kila mtu sawasawa. Julai 2017, wabunge wanane wa Viti Maalum wa chama cha upinzani cha CUF walipofukuzwa uanachama wakati chama kikiwa kimegawanyika, viti vyao vilitangazwa kuwa wazi ndani ya siku chache. Novemba 2020, chama kingine cha upinzani, CHADEMA, kiliwafukuza wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa Viti Maalum, nao wakaendelea kuketi bungeni huku shauri lao likitembea mahakamani. Kanuni inayokuwa msumeno kwa mmoja na ngao kwa mwingine haiwezi kuitwa nidhamu.

Njia ya kuheshimu hoja ya mpiga kura kuibiwa ipo, nayo ni kumpa mpiga kura mwenyewe uamuzi. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokabidhiwa mwishoni mwa Desemba 2013, ilipendekeza mgombea binafsi aruhusiwe, wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, na mawaziri wasitoke miongoni mwa wabunge. Mapendekezo hayo hayakutungwa hotelini; yalitoka katika mikutano ya wananchi na mabaraza ya katiba ya wilaya. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, imeruhusu wagombea binafsi, na vyama havijafa. Rasimu yetu iliingia Bunge Maalum mwaka 2014, muungano wa vyama vya upinzani, UKAWA, ukatoka nje ya ukumbi Aprili, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Uraia unakofanyiwa kazi

Sitaki kumalizia na sheria peke yake, kwa sababu nimeona uraia ukifanya kazi mahali ambapo hakuna siwa. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mamlaka ya juu kabisa ya kijiji ni mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Niliwahi kuhudhuria mmoja, chini ya mwembe ulio karibu na shule. Mtendaji alisoma mapato na matumizi haraka haraka, namba zikipita kama mtu anayesoma majina ya vituo vya basi. Alipofunga daftari, mama mmoja aliyekuwa amempakata mjukuu aliinuka. Akawasalimia wazee, shikamooni, kisha akasema: "Mwenyekiti, hapo kwenye mabati ya zahanati. Mtendaji amesema tulinunua sitini. Mimi nilikuwepo yaliposhushwa, nilihesabu arobaini na nane. Haya mengine yako wapi?"

Mtendaji alianza kueleza kuhusu risiti na gharama za usafiri. Mama hakukaa. "Mwanangu, sijauliza usafiri. Nimeuliza mabati." Watu wakanyamaza wakingoja. Mwishowe mkutano ukaamua wajumbe watatu wakayahesabu mabati siku ile ile na warudi na jibu kabla jua halijazama.

Hakuna aliyemuuliza mama yule chama chake. Alikuwa na haki ya kuuliza kwa sababu anaishi pale, alichangia, na alikuwa na hesabu yake. Serikali iliyoko mbele yake ilibaki imesimama na haina pa kukimbilia. Hiyo ndiyo pete ya kwanza na ya tatu zikikutana bila kitu katikati. Inatia uchungu kukumbuka kwamba mama huyo huyo, akitaka kugombea uenyekiti wa kijiji, ataulizwa kadi. Sharti la Dodoma limeteremka mpaka kwenye kitongoji.

Kuna jambo jingine linalomhusu. Wabunge wetu hujadili kwa Kiswahili, lakini kwa miongo mingi miswada waliyokuwa wakiijadili iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa, na linapaswa kufuatwa na kazi ngumu ya kuzitafsiri sheria zilizopo na kuzifikisha vijijini. Mtu aliyeweza kuhesabu mabati ataweza kusoma kifungu, mradi kimeandikwa kwa lugha anayoitumia kuuliza.

Wakati mjadala wa katiba mpya unaporudi, na hurudi kila baada ya uchaguzi, tutasikia mengi kuhusu idadi ya serikali za Muungano, madaraka ya Rais na muundo wa tume ya uchaguzi. Yote ni mazito. Ningeomba tuanze na kifungu kifupi zaidi: kwamba raia anaweza kugombea kwa kuwa ni raia, na kwamba mbunge aliyechaguliwa na jimbo anaondolewa na jimbo. Kifungu hicho hakihitaji fedha wala jengo jipya. Kinahitaji wabunge wakubali kufanya walichofanya wenzao tarehe 18 Oktoba 1961, wakiwa huru kusema ndiyo au siyo, mbele ya Serikali iliyo tayari kuondoka wakisema siyo.

Jua lilikuwa bado halijazama pale kijijini wajumbe watatu waliporudi. Walikuwa wamehesabu mara mbili. Mabati yalikuwa arobaini na nane.